Kuiona meli ni rahisi, kuijua ndiyo kazi: jibu kwa msomaji wa Makambako

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Marehemu baba alikuwa utingo wa lori la mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, mwaka 1967. Kila akituhadithia Kitonga na tope la Igawa, hakuacha kusema kwamba wakati wao wanahangaika barabarani, Waingereza walikuwa na ndege kule baharini zinazuia mafuta ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), usiku na mchana, na ndani ya kila ndege wamo watu kumi. Mimi nimepanda ndege pale Songwe nikaona marubani wawili tu. Hao wanane wengine walikuwa wanafanya nini? Na kama waliziona meli zote, mbona mafuta ya Rhodesia hayakuisha? Halafu, ndege ya namna ile ingeweza kumtafuta mvuvi aliyepotea Ziwa Nyasa?"

Marahaba, na pole kwa kumpoteza mzee. Hesabu yake ya watu ilikuwa sawa. Kwenye "usiku na mchana" alitia chumvi kidogo: manowari ndizo zilizokaa baharini bila kuondoka, ndege zilikuwa chache na zilipokezana. Mengine yote aliyasema vizuri kuliko wengi walioishi pwani.

Tuanze na ndege yenyewe. Ilikuwa Avro Shackleton, iliyoingia kazini katika jeshi la anga la Uingereza mwaka 1951, na ilitengenezwa kwa kuwinda nyambizi. Ina injini nne za Griffon, kila moja silinda 12, na kila injini inazungusha propela mbili zilizofuatana, moja ikienda kulia na nyingine kushoto. Toleo la tatu lilibeba petroli lita 19,300 hivi. Ukiigawa kwenye mapipa ya lita 200 aliyoyabeba baba yako, unapata mapipa 96, na kwa mafuta hayo ndege ingeweza kukaa hewani zaidi ya saa 14. Haikuwa na haraka. Mwendo wake wa doria ulikuwa kama noti 160, na noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.85. Kwa hiyo ni kama kilomita 300 kwa saa.

Kuanzia Machi 1966 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kituo chao kilikuwa Majunga, pwani ya kaskazini-magharibi ya Madagaska. Kutoka hapo mpaka Beira, bandari ya Msumbiji ambako mafuta ya Rhodesia yalikuwa yakishushwa, ni kama kilomita 1,300, saa nne na nusu za kwenda tu. Mtu atauliza: sasa wakifika si wanageuza mara moja? Lakini meli ya mafuta inayotoka Ghuba ya Uajemi kwenda Beira lazima ishuke kwenye mlango wa bahari kati ya Madagaska na Msumbiji. Kwa hiyo ndege ilianza kutafuta tangu ikiinuka, na njia yote ilikuwa kazi.

Sasa hao watu kumi. Marubani wawili wako mbele, na nyuma yao mhandisi wa ndege na ukuta wake wa geji. Katikati ya mwili wa ndege kuna meza ya mabaharia wa hewani wawili. Mmoja kazi yake ni kujua ndege iko wapi, mwingine anajua meli ziko wapi na nani afanye nini. Watu wa nje wanadhani kazi hizo ni moja, na kumbe ukimpa mtu mmoja zote mbili, ndani ya saa mbili moja imeharibika. Kisha yupo mkuu wa vyombo vya elektroniki na mafundi wake wanne hivi. Hao ndio wanaozunguka: rada, redio, dirisha la ubavuni, kioo cha puani, kioo cha mkiani, jikoni. Hakuna aliye abiria.

Kuzunguka huko kuna sababu, wala si starehe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilionekana kwamba watazamaji wa rada waliokuwa wakitafuta nyambizi wanapitwa na vitu ambavyo vipo waziwazi kwenye kioo. Mwanasaikolojia Norman Mackworth alilipima jambo hilo kwa saa ya majaribio yenye mshale ambao mara chache unaruka hatua mbili badala ya moja, akachapisha matokeo mwaka 1948: umakini wa mtu mzima mwenye afya unaanza kushuka baada ya nusu saa, hata akijitahidi namna gani. Ndiyo maana mtu wa rada hukaa dakika 30 hadi 40, anampisha mwenzake, anakwenda dirishani au kuchemsha chai. Wakati wa kupishana wote wawili wanakaa kwenye kioo dakika moja au mbili. Anayeondoka anataja kila nukta kwa sauti: hii imetambuliwa, hii bado, hii ni wingu la mvua. Dakika hiyo ikirukwa, meli iliyoonekana saa nzima iliyopita inakuwa mpya, ndege inaigeukia tena, na mafuta ya dakika 20 yamekwenda bure.

Rada yenyewe inaona mbali kadiri ulivyo juu, kwa sababu dunia imepinda. Kanuni ni hii: chukua mwinuko kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.23, unapata maili za baharini. Ukiwa futi 1,000 unaona uso wa maji mpaka maili 39. Ukiwa futi 5,000 ni maili 87, kilomita 161, umbali unaozidi kidogo ule wa Mbeya mjini hadi kwenu Makambako ukipita angani. Meli yenyewe imeinuka juu ya maji, kwa hiyo inaonekana mbali zaidi ya hapo. Kwa nini basi wasipande juu sana wakamaliza? Kwa sababu ukitazama kutoka juu, mawimbi nayo yanarudisha mwangwi, na katikati ya kioo panajaa weupe kama unga uliomwagika. Meli ya mafuta itatokeza katikati ya unga huo, lakini jahazi la mbao au periskopu ya nyambizi haitatokeza. Kwa meli kubwa panda, kwa kitu kidogo shuka. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, shuka zaidi.

Wingu la mvua nalo ni mwongo mzuri. Kingo zake kwenye rada zimelegea, na linakwenda na upepo. Ukilipima mara mbili ukakuta linasogea kuelekea upepo unakokwenda, kwa mwendo wa upepo, achana nalo. Meli inakwenda inakotaka.

Kupima mwendo wa meli ni hesabu ya shule ya msingi, ila inahitaji subira. Unaweka alama mahali meli ilipo kwenye ramani, unasubiri dakika sita, unaweka nyingine. Dakika sita ni sehemu ya kumi ya saa, kwa hiyo zidisha umbali mara kumi: imesogea maili 1.5, mwendo ni noti 15. Tatizo ni kwamba kosa la nusu maili kwenye alama moja linakuwa kosa la noti tano. Mwenye uzoefu husubiri dakika 12 na kuzidisha mara tano, na kosa lile lile linabaki noti mbili na nusu. Meli ya mafuta iliyoshiba ya enzi zile ilikwenda noti 14 hadi 16. Ukipata 22, rudia vipimo kabla hujaamsha manowari.

Lakini alama zote hizo zinawekwa kwenye ramani kwa kuanzia mahali ndege ilipo, na hapo ndipo baharia wa kwanza anapotoka jasho. Mwaka 1966 ndege haikuwa na setilaiti ya kuiambia iko wapi. Ukitoka Iringa kwenda Mbeya una Ifunda, Mafinga, Makambako, Igawa. Baharini maji ya saa ya tatu yanafanana na ya saa ya kwanza. Anachofanya ni kujumlisha: mwelekeo wa dira, mwendo, muda, na upepo. Upepo ndio unaosumbua. Upepo wa noti 10 usioujua, ukikusukuma saa mbili, umekupeleka maili 20 kando na hakuna aliyehisi chochote. Anaupima kwa kutazama povu la mawimbi kupitia chombo cha kupimia ndege inavyosukumwa kando, kwa mielekeo miwili au mitatu tofauti, halafu anachora pembetatu. Penye mawingu machache anapiga jua kwa sekstanti, chombo cha kupimia pembe ya jua au nyota juu ya upeo, au usiku nyota tatu. Kisiwa au rasi ikitokea kwenye rada, anasahihisha kila kitu. Kanuni ya mkononi ni kwamba kosa la digrii moja kwenye safari ya maili 60 ni maili moja kando. Inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba Majunga hadi Beira ni maili 700.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Kuiona meli ni rahisi, kuijua ni meli gani ndiyo kazi. Kwenye rada meli ya mafuta, meli ya makasha ya machungwa na meli ya mbao ni nukta zilezile, kwa hiyo lazima mtu aishukie na kuisoma.

Kutoka maili 40 rubani anaelekezwa na mtu wa rada: kushoto digrii tano, sawa, endelea. Wanaposhuka mpaka futi 300 kila mtu anakwenda kwenye dirisha lake. Ndege inaijia meli kutoka tezi, yaani nyuma, ikifuata upande ilikoelekea, kwa pembeni mita 200 hadi 300. Haipiti juu yake kabisa, kwa sababu milingoti haisamehe, na nahodha anayepitiwa kichwani ana haki ya kudhani anashambuliwa. Kama inawezekana wanachagua upande ambao jua liko mgongoni mwao, ili jina kwenye chuma lisomeke na picha isitoke nyeusi.

Hebu piga hesabu ya muda walio nao. Ndege noti 160, meli noti 15, tofauti ni noti 145, sawa na mita 75 kwa sekunde. Meli yenye urefu wa mita 180 inapita dirishani kwa sekunde mbili na nusu. Hakuna macho ya mtu mmoja yanayoweza kusoma kila kitu kwa muda huo, na hapo ndipo unapata jibu la swali lako kuhusu wale wanane. Aliye puani anasoma tezi: jina na chini yake bandari ya usajili, kwa sababu bandari huandikwa nyuma tu. Wa dirisha la ubavuni anatazama bendera, na rangi na alama za bomba la moshi. Mwenye kamera hatazami chochote zaidi ya kamera. Wa mkiani ndiye wa mwisho kuiona, naye anasoma jina kwenye omo, yaani mbele, ili kulihakikisha lile la nyuma. Marubani hawasomi kitu. Mmoja macho yake yako nje kwenye maji, mwingine yako ndani kwenye vipimo.

Na mmoja lazima apewe mstari wa maji peke yake, kwa sababu huo ndio unaosema kama ndani kuna mafuta. Meli tupu inaelea juu, rangi nyekundu ya chini inaonekana mkanda mpana, na nyuma ncha za propela zinaweza kuwa zinapiga maji juujuu. Iliyojaa imezama, nyekundu imefichika, sitaha iko karibu na mawimbi. Kuitofautisha na meli ya mizigo ya kawaida tazama sitaha: ya mafuta ina mabomba yanayokwenda katikati urefu wote, haina vile vyuma virefu vya kunyanyulia mizigo kutoka kwenye matumbo ya meli. Meli tupu inayoelekea Beira haimhusu mtu. Iliyojaa inatangazwa redioni ndani ya dakika chache.

Kinachoharibika hapo mara nyingi ni ulimi, macho yanakuwa yameona sawa. Watu watano wakisema kwa pamoja kwenye simu ya ndani, baharia wa pili anaandika mchanganyiko. Wahudumu waliozoeana hunyamaza mpaka ndege inyanyuke, kisha mmoja mmoja anataja alichokiona kwa mpangilio uleule kila siku. Ambaye hakuona anasema "sikuona". Anayekisia jina kwa herufi tatu alizozipata anafanya kosa kubwa kuliko kukosa kabisa, kwa sababu jina lililokisiwa likishafika kwenye ripoti hakuna atakayekumbuka kwamba lilikisiwa. Jina lisiposomeka, wanazunguka na kupita tena. Usiku wanauliza kwa taa ya ishara ya Aldis, kwa alama za Morse za nukta na vistari: meli gani, unakwenda wapi?

Ripoti ina mambo nane: saa, mahali, mwelekeo, mwendo, jina, bendera, imejaa au tupu, na nani kaona. Saa ni ya Greenwich. Saa 6:00 asubuhi ya Greenwich, inayohesabiwa tangu usiku wa manane, kwetu ni saa tatu asubuhi kamili. Wanafunzi wa Kiswahili wanalichanganya hili kila siku, na marubani pia. Redio ni ya masafa mafupi kwa Morse, nayo ina tabia yake: mawimbi yanayofika mbali mchana hupotea jua likizama, inabidi kushuka kwenye masafa ya chini, na alfajiri kupanda tena. Mtu wa redio aliyesahau kubadilisha saa kumi na mbili jioni anaita mpaka saa mbili usiku bila kujibiwa, na wakati huo meli imesogea maili 30.

Kuhusu hatari, watu hufikiria bunduki. Hatari ya kila siku ilikuwa altimita, yaani kipimo cha mwinuko. Altimita ya kawaida inapima kanieneo ya hewa, halafu inageuza kuwa futi, na tofauti ya milibari moja (kipimo cha kanieneo) karibu na bahari ni kama futi 28 za mwinuko. Ukiiweka kwa hewa ya Majunga asubuhi kisha ukaruka kilomita elfu moja kuelekea kwenye hewa nyepesi zaidi, mathalani pembeni ya kimbunga kati ya Novemba na Aprili, na tofauti ikawa milibari 8, altimita inakuambia uko futi 300 wakati kwa kweli uko futi 76. Usiku, juu ya maji meusi, hakuna jicho litakalokuonya. Bahari tulivu kama kioo nayo haikuonyeshi umbali hata mchana. Ndiyo maana chini ya futi 1,000 wanaamini altimita ya redio, inayopiga mwangwi kwenye maji yenyewe, na mhandisi anaitaja kwa sauti wakati wa kushuka. Kupinda karibu na maji nako kuna kanuni: panda kwanza kidogo, kisha laza bawa.

Injini zilikuwa na kero yake. Kila silinda ina plagi mbili, silinda 12, injini nne: plagi 96. Petroli ya ndege ya siku hizo ilikuwa na risasi nyingi, yaani madini ya ledi, na injini ikikaa saa nyingi kwenye nguvu ndogo, risasi inaganda kwenye plagi na cheche inakufa. Fundi wa bodaboda pale Mafinga anaujua ugonjwa huu kwa jina la plagi kuchafuka. Dawa yake hewani ni kuipa injini nguvu nyingi kwa muda mfupi, moja baada ya nyingine, ili joto lichome ule uchafu. Mhandisi mvivu wa kufanya hivyo anawapa mafundi wa chini usiku wa kubadilisha plagi. Kingine ni bearingi ya kitengo kinachopeleka badiliko la pembe ya mapanga kutoka propela ya mbele kwenda ya nyuma. Ikikosa kulainishwa na kuungua, propela ya nyuma haitii tena, na hapo hakuna dawa ya hewani zaidi ya kuizima injini mapema. Chumvi ya bahari inakula alumini, kwa hiyo ndege iliyoshuka chini inaoshwa kwa maji baridi kila ikitua, hata kama saa ni nane za usiku na watu wamechoka.

Kelele? Wahudumu wake walifanya utani kwamba Shackleton ni ribiti elfu kumi zinazoruka kwa mpango mmoja. Waliostaafu wengi wao hawasikii sauti nyembamba: mluzi, ndege wa porini, mjukuu anapoita. Ndani kulinuka petroli, mafuta ya haidroliki na choo cha kemikali, na nguzo kuu za mabawa zilipita katikati ya mwili wa ndege kiasi kwamba kutoka mbele kwenda nyuma unaziruka kama unavuka kuni. Chakula kilikuwa makopo yaliyomiminwa kwenye sufuria moja, chochote kilichopatikana, na chai isiyoisha. (Chai yenyewe huenda haikufikia ya Mufindi, lakini saa ya kumi ya safari hakuna anayechagua.)

Ziwa Nyasa sasa. Kwa eneo, ndege ya doria inaliweza kirahisi. Rada ikiona maili 40 kila upande, kwa noti 160 inafagia karibu kilomita za mraba 44,000 kwa saa, na ziwa zima ni kama 29,600. Ila hesabu hiyo ni ya meli ya chuma. Mtumbwi wa mti mmoja wa Matema hauna chuma, uko sentimita chache juu ya maji, na kwa rada ni kama haupo. Hapo kazi inarudi kwa macho, na macho ya mtu kutoka futi 500 hayategemewi zaidi ya kilomita moja au mbili kwa mtumbwi, na kwa kichwa cha mtu majini ni mita mia chache. Kwa hiyo mistari ya kutafutia inabanwa, wanaanzia mahali alipoonekana mara ya mwisho, wanaongeza jinsi upepo na mkondo ulivyomsukuma, kisha wanazunguka kwa mraba unaopanuka. Kama una ndugu wavuvi Kyela, waambie mambo matatu yanayobadilisha hesabu hiyo: wasiache mtumbwi hata ukipinduka, kwa sababu ni mkubwa kuliko kichwa, wabebe kioo kidogo cha kumulikia jua na kitambaa cha rangi ya chungwa, na wafunge juu ya fito iliyosimamishwa mtumbwini mabati matatu yaliyokutanishwa kwa pembe mraba kama kona ya boksi. Kona ya namna hiyo, hata ya sentimita 30, inarudisha mwangwi wa rada kama chombo kikubwa mara nyingi. Na kabla ya kuondoka, mtu nchi kavu ajue wamekwenda upande gani na watarudi saa ngapi. Bila hilo, hata ndege kumi hazina pa kuanzia.

Limebaki swali la mafuta, na hili ndilo baba yako aliliishi.

Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, alitangaza uhuru wake wa upande mmoja kutoka kwa Uingereza tarehe 11 Novemba 1965. Mafuta ya Rhodesia yalikuwa yakishuka Beira na kupita kwenye bomba la kama kilomita 300 mpaka kiwanda cha kusafishia cha Feruka, karibu na Umtali, ambayo leo ni Mutare. Zambia nayo ilikuwa ikipata mafuta yake kutoka kiwanda hichohicho. Uingereza ilipoiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta kwa sababu ya tangazo hilo, Smith alikata ya Zambia mwezi Desemba, na ndiyo yakaja mapipa yaliyobebwa kwa ndege, na malori kwenye barabara yenu, mpaka bomba la TAZAMA la kilomita 1,710 lilipofunguliwa mwaka 1968 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likipita Iringa na Mbeya ambako viko vituo vyake vya kusukumia. Baba yako mwaka 1967 alikuwa ndilo hilo bomba.

Aprili 1966 meli ya mafuta Joanna V ilifika Beira ingawa manowari ya Uingereza ilikutana nayo njiani, kwa kuwa manowari haikuwa na ruhusa ya kisheria ya kutumia nguvu. Tarehe 9 Aprili Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 221 likiipa Uingereza ruhusa hiyo, na kesho yake meli ya pili, Manuela, ikazuiwa na kugeuzwa. Tangu hapo bomba la Beira halikupata mafuta, na doria ikaendelea mpaka Juni 1975 Msumbiji ilipopata uhuru.

Ruhusa ile ilikuwa ya Beira. Lourenço Marques, Maputo ya leo, haikuwamo, na wala Afrika Kusini haikuwamo, na zote zilikuwa na njia ya kufika Rhodesia kwa reli au barabara. Ripoti ya Bingham ya mwaka 1978, iliyoagizwa na serikali ya Uingereza yenyewe, ilieleza jinsi mafuta ya kampuni tanzu za Shell na BP yalivyoendelea kufika huko kwa njia hizo miaka yote. Kwa maoni yangu, wahudumu wa ndege hawana la kulaumiwa hapo, walitafuta walichoagizwa. Meli iliyojaa ikishuka mlango wa Msumbiji waliiona, walishuka futi 300, walisoma tezi na omo, walipiga picha, waliituma ripoti. Ikijibu kwamba inakwenda Lourenço Marques, iliachwa iende.